Lipu ya saruji kwenye nyumba ya mawe ya zamani

Swali: Tunasimamia nyumba ya mawe ya enzi za Wajerumani, ndani ya hifadhi ya msitu kwenye miteremko ya Meru. Kuta zina unene wa sentimita 50, mawe yameungwa kwa udongo na chokaa. Miaka minane iliyopita zilipigwa lipu ya saruji. Sasa lipu inabanduka kuanzia chini, rangi inatoka magamba na vyumba vinanuka ukungu. Fundi anashauri tupige upya kwa saruji 1 na mchanga 3, tuongeze dawa ya kuzuia maji, kisha tumwage jamvi la zege juu ya nailoni. Uwiano huo unatosha? (Msomaji, Usa River)

Jibu: Hakuna uwiano wa saruji utakaotosha, ndugu msomaji. Hiyo saruji ndiyo inayowaozeshea ukuta. Gonga lipu kwa mpini wa nyundo, nusu mita kutoka sakafuni. Ikitoa mlio wa debe tupu, bandua kipande ukitazame mgongoni: utakuta maji, chumvi nyeupe kama unga wa sembe, na nyuma yake udongo wa ujenzi umekuwa tope la kuchotwa kwa kidole.

Nyumba hizi hazikujengwa kuzuia maji. Maji yalipanda kutoka ardhini, yakatokea usoni mwa ukuta, yakakauka kwa upepo. Lipu ya saruji inaziba njia hiyo, lakini haizibi nyufa zake yenyewe, kwa hiyo mvua inaingia na haitoki. Unyevu unapanda juu zaidi mpaka kwenye ncha za kenchi. Dawa ya kuzuia maji inakaza kifuniko tu, na jamvi juu ya nailoni linayasukuma maji ya chini ya sakafu yatokee kwenye kuta.

Anzeni nje. Rekebisheni gata, ondoeni udongo uliorundikana mpaka ardhi iwe sentimita 15 hadi 20 chini ya sakafu, chimbeni mtaro wa kokoto mita moja kutoka ukutani, wenye mteremko, bila kufika chini ya kina cha msingi. Kazi hii peke yake mara nyingi humaliza nusu ya tatizo.

Baada ya masika bandueni saruji kwa tindo na nyundo ndogo, kamwe si kwa mashine. Pale iliposhika kiasi cha kung'oa jiwe, iacheni kwa sasa. Ukuta uachwe wazi kiangazi chote, Juni hadi Oktoba. Chumvi ifagiliwe ikiwa kavu. Mkiiosha inarudi ndani. Ukuta wa unene huo unaweza kuchukua mwaka na zaidi kukauka, na hapo ndipo wengi wanapokosa subira.

Lipu mpya iwe ya chokaa, na hapa mjihadhari sana dukani. Chokaa ya kilimo, ile ya kurekebisha tindikali shambani, ni mawe yaliyosagwa bila kuchomwa. Haigandi hata ikikaa mwaka. Mnahitaji chokaa ya kujengea, iloweke kwenye pipa mwezi mmoja, maji yakiifunika. Changanyeni ndoo 1 ya chokaa hiyo nzito, ndoo 2½ za mchanga wenye chembe kali uliochekechwa, na nusu ndoo ya vumbi la tofali la kuchoma. Loanisheni ukuta, pigeni tabaka lisilozidi milimita 10, likwaruzwe, la pili baada ya wiki. Tundikeni magunia mabichi siku saba, maana jua la Arusha likiikausha haraka itapasuka na kubaki unga. Mwisho pakeni maji ya chokaa, mepesi kama maziwa, mara tano. Rangi ya plastiki itawarudisha mlipoanza.

Vaeni miwani na glavu. Chokaa mbichi inaunguza macho. Maji ya kuoshea makarai yasifike kijitoni, na mchanga uletwe kutoka nje ya hifadhi, kwa kibali.

Naandika kwa ukali kwa sababu nyumba za aina hii, za misheni na za mashamba ya kahawa kuanzia Kibosho hadi Machame, zinamalizwa na watu wenye makopo ya dawa. Anayekuja na kopo aulizwe kwanza: maji yaliyomo tayari ukutani yatatokea wapi? Akikosa jibu, asiguse nyumba. Yuko pia anayepaka oili chafu kwenye mbao eti kuua mchwa. Oili hiyo haiingii kwa kina ndani ya mti, ila mvua inaipeleka moja kwa moja kwenye chemchemi ambayo msitu umehifadhiwa kwa ajili yake. Ncha ya kenchi ikioza, kateni sehemu iliyooza tu, ungeni mbao kavu ya aina ileile kwa boliti, na muache nafasi ya sentimita mbili kuizunguka pale inapoingia ukutani, hewa ipite.