Gari Lijue Lilipo Bila Setilaiti: Anzia Kwenye Magurudumu

Ukitaka gari lijue lilipo likiwa ndani ya handaki au kwenye maegesho ya chini ya ardhi, ambako mawimbi ya setilaiti hayafiki, usitegemee sensa ya mchapuko (inayopima jinsi mwendo unavyobadilika) peke yake. Wengi huikimbilia kwa kuwa tayari imo kwenye simu. Lakini kutoka mchapuko hadi umbali unajumlisha mara mbili, kwanza kupata mwendo kisha umbali, na kosa hukua kwa mraba wa muda. Sensa inayokosea kwa mita 0.01 tu kwa sekunde mraba itakuwa imepotea mita 18 baada ya dakika moja. Baada ya dakika 10, mita 1,800.

Umbali uchukue kwenye magurudumu. Gari lenye breki za ABS, zinazozuia magurudumu yasijifunge, lina sensa za mwendo magurudumuni, kwa hiyo unachohitaji ni kuzisoma. Ukisoma spidi kupitia OBD-II, tundu la kuchunguzia hitilafu za gari, inakuja kwa kilomita nzima kwa saa. Ukitambaa kwa kilomita 5, kosa la nusu kilomita ni asilimia 10. Mimi napendelea kuhesabu mipigo ya umeme ambayo sensa yenyewe hutoa gurudumu likizunguka.

Kwenye mwelekeo ndipo kazi ilipo. Unaweza kulinganisha gurudumu la kushoto na la kulia bila kununua chochote, ila upepo wa tairi utakusumbua sana. Magurudumu yakiwa yameachana mita 1.5, na mzingo wa tairi moja ukizidi wa mwenzake kwa asilimia 1, baada ya mita 100 za barabara iliyonyooka hesabu itadai gari limepinda nyuzi 38! Ndiyo maana naongeza jairoskopu (sensa inayopima kasi ya kugeuka) ndogo ya bei nafuu, kama za kwenye simu, na kuifunga kwa skrubu isicheze.

Nayo ina tabia yake: hata gari likisimama, inatoa namba ndogo ya mzunguko, inayobadilika na joto. Kwa hiyo kila magurudumu yakisoma sifuri, programu yangu huchukua wastani wa sekunde chache na kuutoa kwenye vipimo vinavyofuata. Hatua hiyo haigharimu kitu, na naithamini kuliko sensa ghali.

Halafu ongeza ramani. Etak Navigator, mfumo wa kuongoza gari uliotoka Marekani mwaka 1985, ulihesabu magurudumu, ukasoma dira, kisha ukalinganisha njia na ramani iliyohifadhiwa kwenye kaseti. Kwa kuwa ramani inajua kona ilipo, kila kona unayokata hufuta kosa la umbali lililojikusanya. Kwenye maegesho ya ghorofa, ambako ramani haitofautishi sakafu, weka sensa ya kanieneo ya hewa: badiliko la hektopaskali 1 (kizio cha kanieneo) ni kama mita 8 za kimo.