Ndege Ikivuta Upande, Simama Hapo Hapo

Wadogo zangu mnaoanza kurusha ndege ndogo ya Caravan hapa Tanga, juzi nimemtazama mmoja wenu akitaksi, yaani akiiendesha ndege chini uwanjani, huku breki ya kulia inalia njia nzima. Aliposhuka nikamuuliza. "Kepteni, ni kusi tu." Jibu hilo hilo nililitoa mimi zamani, neno kwa neno, ndiyo maana naandika.

1. Jaribuni pedali na breki, kushoto na kulia, ndege ikianza tu kusogea.

2. Msiusingizie upepo. Siku yangu ile ya zamani, asubuhi, nilimwona kijana wa uwanjani akiivuta ndege kwa chuma cha mbele, akaipinda kwa nguvu ipite kando ya nyingine. Gurudumu la mbele likavuka alama nyekundu, ile ya mwisho wa kupinda. Niliona kwa macho yangu, kikombe cha kahawa mkononi, nikanyamaza kwa sababu abiria wa Pemba walishachelewa. Kutaksi tu, ikavuta kushoto. Nikakanyaga breki ya kulia. Ikavuta tena, nikakanyaga tena. Mwisho wa njia nikageuza, gurudumu likagoma kurudi, na breki ilishapata moto, haishiki. Tukaingia majanini. Nikazima injini.

Kimya. Nyuma yangu bibi mmoja aliyekumbatia kapu lake akauliza taratibu, "Mwanangu, ndiyo tumefika?"

Hakuna aliyeumia. Lakini sauti ile ninayo hadi leo, maana alinikabidhi roho yake na mimi nilikuwa najua. Fundi akalala chini ya pua, akaniita nitazame: kiungo cha usukani kimepinda, rangi imebanduka, chuma cheupe kinaonekana. "Nani aliivuta?" Nikamtaja kijana. Jua lilishakuchwa niliporudi kumwambia fundi kwamba mimi niliona.

3. Mwendo usiwadanganye. Ndege ikishika kasi, usukani wa mkia unapata upepo wa kutosha na ndege inanyooka, mtu akadhani imepona. Shida inakungoja kule utakakotua, mwendo ukipungua na mkia ukiishiwa nguvu. Wanaogundua wakiwa angani kwamba gurudumu lina shida, kama wale wa Airbus A320 ya JetBlue iliyotua Los Angeles mwaka 2005 gurudumu la mbele limegeukia upande nyuzi 90, hawana pa kuegesha. Ninyi mnapo.

4. Simama, waambie waongoza ndege, zima, ita fundi, andika kwenye kitabu cha ndege. Kisha geuka uwaambie abiria wewe mwenyewe. Watanuna, waache wanune wakiwa chini.

Nimefungua kitabu cha ndege ya juzi, hakuna kilichoandikwa. Nimeizuia isiruke. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa maegeshoni na fundi, na wewe mwenye breki iliyolia, njoo na nguo ya kuchafuka tulale wote chini ya pua tutazame.