Maswali ya Wasomaji: Pikipiki ya Marehemu Baba

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwanaume wa miaka 41, mkazi wa Uyole, Mbeya, na kazi yangu ni kufuatilia madeni katika chama kimoja cha akiba na mikopo. Mwaka huu kazi imenielemea hadi nikawa naamka saa tisa usiku na kuanza kuhesabu majina ya wadaiwa. Mwezi wa nne nilileta kutoka Tukuyu pikipiki ya marehemu baba, Honda CG125, ambayo aliitumia alipokuwa bwana shamba na ambayo ilikaa stoo chini ya turubai zaidi ya miaka kumi. Tangu nianze kuifungua, kila Jumamosi usiku ninalala usingizi wa mtoto. Mke wangu anasema nimeoa mke wa pili mwenye magurudumu, na rafiki yangu ananishauri nimpe fundi aimalize kwa siku mbili. Je, utulivu huu ni wa kweli, au ninayakimbia matatizo? Tena, nimeifunga kabureta mpya (chombo cha kuchanganya petroli na hewa) na injini inawaka, lakini plagi ya cheche inageuka nyeusi kama sufuria ya kuni na nguvu ni ndogo. Nifanye nini?
Msomaji, Uyole

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kufiwa na kwa kazi. Utulivu wako ni wa kweli, na sababu yake umeiandika mwenyewe bila kujua. Mdaiwa huahidi tarehe tano, ikifika tarehe tano huzima simu, nawe unarudi nyumbani ukiwa na shauri lile lile uliloondoka nalo asubuhi. Nati iliyoganda haina simu ya kuzima. Imefunguka au haijafunguka, na jibu unalipata mkononi mwako papo hapo. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Chicago, alichunguza watu wanaozama katika kazi hata wakasahau saa, akaeleza kwamba hali hiyo huja pale ambapo lengo liko wazi, matokeo yanaonekana mara moja, na ugumu wa kazi unalingana na uwezo wa anayeifanya.

Chukua mfano wa kurekebisha tapeti za hiyo CG yako, yaani skrubu ndogo zinazosukuma vali, ile milango ya injini ya kuingizia hewa na kutolea moshi. Honda waliitoa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na kutunzwa kidogo, na ndiyo maana vali zake husukumwa kwa vijiti badala ya kuendeshwa kwa cheni, jambo linaloirahisishia kazi mikono ya mtu asiye fundi. Injini ikiwa ya baridi, unaizungusha polepole hadi pistoni ifike juu kabisa na vali zote mbili ziwe zimefunga, kisha unapitisha kati ya skrubu na vali kibamba cha kupimia chenye unene wa milimita 0.08, ambao ni kama unene wa karatasi ya daftari. Kikipita kwa ulegevu, nafasi imezidi. Kikigoma, imebana mno. Unachokitafuta ni kile kikwaruzo kidogo unachokihisi kwenye ncha za vidole. Baada ya hapo unaishika skrubu isizunguke huku ukikaza nati yake, halafu unapima tena, kwa sababu mara nyingi huwa imesogea. Katika dakika hizo kumi, niambie ni mdaiwa gani atakayepata nafasi kichwani mwako.

Kwa hiyo usimpe fundi pikipiki nzima, kwani atakurudishia chombo kinachotembea na kukuachia usiku wako kama ulivyokuwa. Fundi ana nafasi yake: bloku ikihitaji kuchongwa au beringi ikihitaji kugongwa, mpelekee kipande hicho tu, na ukiweza mlipe kidogo zaidi ili akuruhusu kukaa kwenye benchi lake na kutazama. Kazi nyingine zote zisipewe tarehe ya kuisha. Skrubu na nati zipange katika trei la mayai kwa mfuatano uliozifungulia, na usishike spana siku uliyorudi na hasira. Mimi mwenyewe, nikiwa na Yamaha kuukuu pale Iringa, niliilazimisha bolti ya ekzosi jioni moja baada ya kugombana na mtu. Ilikatikia ndani ya injini, na kuitoa kulinigharimu fedha za wiki nzima. Ningeilowesha kwa dizeli na kuiacha ilale hadi asubuhi, ingetoka.

Sasa plagi. Weusi mkavu wa masizi unaonyesha kwamba injini inapata petroli nyingi kuliko hewa. Uyole iko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko pwani, ilhali kabureta nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa sehemu za chini. Safisha kwanza chujio la hewa na uhakikishe choki, kile kizuizi cha hewa cha kuwashia injini ya baridi, inafunguka yote. Hali isipobadilika, pandisha kibanio cha sindano ya kabureta tundu moja ili sindano ishuke, na ikishindikana badilisha jeti kuu, yaani kitundu kikuu cha kupitishia petroli, uweke yenye namba ndogo kwa hatua moja. Rekebisha kitu kimoja, uendeshe, uitazame plagi, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha viwili kwa pamoja hutajua kipi kilichotibu. Tanki nalo limwagwe na kuoshwa, kwa maana petroli iliyolala miaka huacha utomvu unaoziba njia.

Kuhusu mke wako, hoja yake ina uzito. Mwambie saa ya kuanza na saa ya kuacha, kisha uziheshimu hata kama umebakiza nati moja. Ukitaka kujua kama unakimbia, jitazame baada ya kunawa mikono: ukirudi ndani na kuweza kuzungumza naye hata juu ya ada za shule, hukimbii. Ila kama kukosa usingizi na kukata tamaa kutaendelea zaidi ya wiki mbili pamoja na hiyo pikipiki, au ukaanza kuwaza kifo, nenda hospitali ukaonane na wataalamu wa afya ya akili bila kungoja Jumamosi.

SWALI: Mume wangu naye ana ugonjwa huo wa pikipiki, na kwa sababu ya baridi ya Njombe hufunga mlango na dirisha la stoo huku injini ikiunguruma. Akitoka hulalamika kichwa. Je, ni uchovu tu?
Mama wawili, Njombe

JIBU: Hapana, mama, na jambo hili lisingoje toleo lijalo. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, hewa ile ile isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani wakati wa baridi ya mwezi wa sita na wa saba, na kuumwa kichwa ndiyo dalili yake ya mwanzo. Kufungua na kusafisha vipuri anaweza kufanyia stoo, mbali na moto kwa ajili ya petroli, lakini kabla ya kupiga kiki aisukume pikipiki hadi uani. Mshonee koti zito.