Gati dogo lianze na nini: mashine ya kunyonya ubavu wa meli au daraja la kupandia?

SWALI: Mhandisi, mimi ni msimamizi wa gati dogo linalohudumia boti moja ya abiria na magari yenye urefu wa mita 60 hivi. Tangu boti iguse gati hadi gari la kwanza lishuke hupita robo saa, na maji yakipwa sana hupita zaidi. Nimeona video ya Norway ambapo mashine iliyo gatini inanyoosha mkono, inanyonya ubavu wa meli na kuishika bila kamba hata moja, yote hayo kwa muda mfupi mno. Je, tukiinunua tutapona? Na umeme ukikatika, meli si itaachiwa?

JIBU: Ndugu msimamizi, kabla ya kuigusa mashine hiyo ningeomba uigawe robo saa yako. Mweke mtu mmoja gatini mwenye saa na daftari, aandike nyakati nne: boti inapogusa fenda (mito ya mpira inayokinga gati), kamba ya mwisho inapokazwa, mlango wa boti unapolala, na tairi za gari la kwanza zinapokanyaga nchi kavu. Kazi hiyo ifanyike wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na wakati wa maji mafu, yanapobadilika kidogo, kwa sababu gati lenye kasi nzuri maji yakiwa kati linaweza kuwa jambo jingine kabisa maji yakipwa. Katika magati madogo mengi kamba huchukua dakika tatu au nne tu. Zilizobaki huliwa na mlango usiokaa sawa, mbao zinazopangwa chini ya ukingo wake, na madereva wanaosubiri kuonyeshwa njia moja baada ya mwingine. Maneno yako mwenyewe, kwamba maji yakipwa muda huongezeka, yananifanya nidhani kwamba nanyi mko hivyo hivyo. Ikiwa ndivyo, mashine ya kunyonya itawaokolea zile dakika tatu na kuwaachia kumi na mbili.

Inafaa pia kujua kwa nini wenzetu wa Norway waliifunga. Kivuko mashuhuri cha aina hiyo ni Lavik–Oppedal katika Sognefjord, mkono mrefu wa bahari, ambako mwaka 2015 feri iitwayo Ampere, yenye urefu wa mita 80 na nafasi ya magari 120, ilianza kuvuka kwa nguvu ya betri peke yake. Safari ni dakika 20 na kukaa gatini ni dakika 10 hivi, ambazo betri hutumia kujazwa umeme. Feri za kawaida za huko, kama zilivyo feri za Likoni na pantoni za Kigamboni, hazifungwi kamba katika kila safari: nahodha huisukuma omo, yaani mbele ya chombo, dhidi ya gati na kuacha pangaboi, zile panga za kusukumia maji, zikizunguka mpaka magari yamalizike. Kwa injini ya dizeli huo ni upotevu wa mafuta tu, lakini kwa feri ya betri ni sawa na kuchota maji kwenye mtungi ule ule unaoujaza. Mashine ya kunyonya iliwawezesha kuzima pangaboi mara feri inapofika na kuitumia kila dakika ya gatini kwa kuchaji. Boti yako, kama nadhani sawasawa, inafungwa kamba na kuzima mitambo, kwa hiyo sababu yao kubwa kwako haipo.

Jinsi inavyofanya kazi si jambo la ajabu. Mwisho wa mkono wa haidroliki kuna bamba la chuma lililozungushiwa ukingo wa mpira. Bamba likigusa ubavu, pampu huvuta hewa iliyo kati yake na meli, na hewa ya nje ndiyo inayolikandamiza. Pampu ikiondoa asilimia 80 ya hewa, kila mita moja ya mraba hushika kwa nguvu ya karibu tani 8, hivyo mabamba yenye jumla ya mita 2 na nusu za mraba hushika tani 20. Sasa linganisha na upepo. Ubavu wa mita 60 kwa mita 8 juu ya maji, ukipigwa sawasawa na upepo wa mita 15 kwa sekunde, husukumwa kwa karibu tani 6 na nusu. Upepo ukifika mita 20 kwa sekunde nguvu inakaribia tani 12, kwani hukua kwa mraba wa kasi. Kwa hesabu hiyo mashine moja ingetosha, ila hakuna mhandisi makini atakayekupa moja. Mashine moja ikishika katikati, boti huzunguka juu yake, na ikiharibika unabaki huna kitu. Kwa hiyo hesabu bei ya mbili, kisha uongeze kazi ya kuliimarisha gati lenyewe. Hili la mwisho husahauliwa sana. Kamba huvuta vigingi vilivyojengwa kwa kazi hiyo, lakini mkono wa mashine hulivuta na kulisukuma gati mahali ambapo nguzo zake za zamani huenda hazikukusudiwa kubeba nguvu za namna hiyo.

Ubavu wa boti nao una neno lake. Bamba linahitaji sehemu bapa, isiyo na madirisha wala mshono wa kulehemu uliotokeza, na boti nyingi za magari zina mkanda mnene wa chuma ubavuni, uliowekwa ili zisuguane na gati bila kuumia, ambao hulizuia bamba lisikae. Boti za kasi za alumini, kama zile ziendazo baina ya Dar es Salaam na Unguja, zimeundwa kwa mabamba membamba ili ziwe nyepesi, na haifai kuyavuta kwa tani kadhaa kabla ya mbunifu wa meli kukagua mbavu za ndani.

Narudi kwenye mlango, kwa sababu naamini fedha zako zinapaswa kuanzia hapo. Kati ya Mombasa na Dar es Salaam tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3, na Unguja hukaribia mita 4. Mlango wa boti wenye urefu wa mita 6, ukitakiwa kupanda au kushuka mita 2 kutoka usawa wa kati, huwa na mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 3: gari dogo litakwaruza tumbo, lori litateleza, na msukuma mkokoteni hataweza kabisa. Suluhisho linalotumika duniani kote ni daraja la gati, yaani daraja lenye bawaba upande wa nchi kavu na ncha inayopanda na kushuka upande wa bahari, ama kwa jeki za haidroliki ama kwa kuelea juu ya tangi. Daraja la mita 20 lenye bawaba iliyopangwa katika usawa wa kati huifanya tofauti ile ile ya mita 2 kuwa mwinuko wa moja kwa kumi, ambao gari lolote hupita bila kusimama. La mita 12 ni nafuu kwa bei, lakini mwinuko wake ni moja kwa sita, na hapo utakuwa umenunua nusu ya dawa.

Chagua daraja ambalo jeki zake zinaweza kuachiwa zifuate boti baada ya ncha kukaa juu ya kizingiti chake. Lori la tani 20 likishuka kutoka boti ya ukubwa wa yako, boti nzima huinuka kama sentimita 3 na nusu, na omo, ambako lori limepitia, huinuka zaidi. Daraja lililokazwa mahali pamoja hubaki chini wakati boti inapanda, ukingo huachia pengo au huvunja kizingiti, kisha mtu anarudi tena na zile mbao. Daraja linalofuata mwendo wa boti halihitaji mbao wala mtu wa kuinama mbele ya tairi.

Kwamba daraja lisilolingana na meli ni hatari, si usumbufu tu, lilionekana Machi 6, 1987, meli Herald of Free Enterprise ilipopinduka nje kidogo ya bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, na kuua watu 193. Chanzo kilichotajwa zaidi ni milango ya omo iliyoachwa wazi, na ni kweli. Lakini daraja la gati la Zeebrugge lilikuwa la ngazi moja, yaani lilihudumia sitaha moja tu kwa wakati, na maji yalipojaa halikuweza kuifikia sitaha ya juu ya magari, hivyo ilibidi matangi ya omo yajazwe maji ili kuishusha meli. Ilipoondoka, omo ilikuwa bado imeinama, na kwa hiyo maji yalipata njia ya mkato kuingia. Kwetu sisi, mnamo Septemba 29, 2019, gari lilirudi nyuma likatumbukia kutoka feri ya MV Harambee katikati ya mkondo wa Likoni, na mama na mtoto wake wakafariki. Mlango unaotumika kama daraja hauwezi kuchukuliwa kuwa ukuta baharini. Boti inahitaji kizuizi kingine kinachofungwa ndani yake kabla ya kuondoka, na kukifunga ni kazi ya sekunde chache isiyopaswa kuhesabiwa kuwa ucheleweshaji.

Abiria wa miguu wapewe njia yao wenyewe, iliyo mbali na magari. Hilo huokoa muda kuliko mashine yoyote ninayoijua, kwa sababu makundi mawili hushuka kwa wakati mmoja. Ila usimpe kazi hiyo fundi wa geti wa mtaani. Huko Ramsgate, Uingereza, njia ya abiria iliyokuwa na ncha moja juu ya chombo kinachoelea ilianguka Septemba 14, 1994, ikaua watu 6 na kujeruhi 7, nayo haikuwa imemaliza hata mwaka. Sehemu iliyolehemiwa penye egemeo ilikuwa imechoka na kupasuka, kwani usanifu haukuzingatia ipasavyo jinsi chombo hicho kinavyoyumba. Ukipewa mchoro wa njia ya namna hiyo, tazama kwanza viungo vyake: viwe vinaweza kupinda upande, vitiwe grisi bila kufunguliwa, na vionekane kwa macho na mkaguzi bila kupanda ngazi.

Fenda na mwendo wa kukaribia ni jambo moja. Boti ya tani 800 ikigusa gati kwa sentimita 15 kwa sekunde hubeba nishati ya kilojuli 9. Ikigusa kwa sentimita 30, inabeba 36, na kwa kuwa maji yanayoizunguka nayo huja pamoja nayo, nishati ya kweli inaweza kukaribia maradufu. Nahodha anayejua kwamba mbele yake kuna matairi ya lori yaliyoning'inizwa kwa mnyororo hukaribia polepole sana, na ana haki. Mwenye fenda za mpira zilizokokotolewa kwa uzito wa boti yake, zenye uso wa plastiki ngumu inayoteleza, hukaribia kwa ujasiri na kutulia haraka. Ongeza ubao wa namba gatini unaosoma umbali na kasi kwa mwale wa leza na kumwonyesha nahodha sentimita kwa sekunde kwa tarakimu kubwa. Hicho ni kifaa cha bei ya kawaida, na hasa msimu wa kusi, mkondo na upepo vinapovutana, humwondolea nahodha kukisia. Mifumo inayoifikisha feri gatini yenyewe ipo pia. Mmoja ulijaribiwa Norway mwaka 2018 ndani ya feri Folgefonn ya mita 85. Hiyo inahitaji pangaboi zinazoweza kugeuzwa kila upande na kompyuta inayoziamuru, kwa hiyo ni habari ya boti mpya, wala si ya kufunga juu ya boti iliyopo.

Kwa hiyo ningenunua kwa mpangilio huu: daraja linalofuata boti, fenda, njia ya abiria, ubao wa leza, kisha winchi za kujikaza na ndoano za kufyatua ambazo zitafanya kamba zako zikamate na kuachia bila mtu kusimama karibu nazo. Ndoano hizo nazihimiza kwa sababu ya usalama: kamba ya nailoni iliyovutika ikikatika hurudi kwa nguvu ya kuvunja miguu, na mabaharia wengi wanaoumia gatini huumizwa na kamba. Mashine ya kunyonya ije baada ya hayo, na hasa siku mtakapoagiza boti ya betri.

Kuhusu umeme: ukikatika, meli haiachiwi papo hapo. Vali huzuia hewa isirudi ndani, na mabamba huendelea kushika huku nguvu ikipungua pole pole kwa kadiri ukingo wa mpira unavyovuja. Kengele hulia kiwango kikishuka, na betri za akiba huendelea kuonyesha vipimo hata pampu zikiwa zimesimama. Muda huo ni wa kupeleka kamba, kwa hiyo mwuzaji akuandikie katika mkataba ni dakika ngapi, kwa upepo wa kasi gani, na ukingo ukiwa umechakaa kwa kiasi gani, kisha mlipime jambo hilo mbele yake siku ya makabidhiano kwa kuzima swichi kuu. Mabaharia wasioshika kamba mwaka mzima hupoteza uzoefu haraka. Zoezi la kufunga kwa kamba lifanyike angalau mara moja kwa mwezi, tena siku yenye upepo.