Umeacha pombe lakini moyo mkavu: jibu kwa ndugu wa Tororo

Ndugu yangu, nimesoma ulichoandika mara mbili. Unasema ni miezi sasa hujagusa pombe, umeokoka, unaamka alfajiri kusali, lakini moyo umekauka na mkeo bado ndiye anayeshika hela zote. Unauliza kama kweli unakua kiroho, na kama usimame kanisani utoe ushuhuda. Mimi nilikunywa miaka mingi hapa Malaba, kwenye kazi ya kuvusha mizigo mpakani mwa Uganda na Kenya, na kwa neema ya Mungu nimeacha. Nakujibu kwa niliyoyapitia.

Huo ukavu usikutishe. Pombe ya kila siku hugeuza namna ubongo unavyofanya kazi, na ubongo hauponi siku ile ile unapoacha. Usingizi hukatikakatika, chakula hakina ladha, hasira ziko karibu, na hali hiyo huweza kukaa miezi. Usiseme Mungu amekupa kisogo wakati mwili bado unajirekebisha. Na wanaosoma hapa wakiwa bado wanakunywa kila siku, tafadhali msiache ghafla mkiwa peke yenu. Mnywaji mzito akikata mara moja anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kupata degedege, hata kufa. Nendeni hospitali. Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili kule Kampala, wanatibu watu wa pombe na dawa za kulevya kila siku, na hawatawashangaa.

Sasa roho. Kuondoa pombe peke yake hakumbadilishi mtu. Serikali ya Uganda ilipopiga marufuku waragi wa pakiti, ile pombe kali ya vifuko, mwaka 2019, sisi wa pakiti tulihamia kwenye chupa, basi. Zile hatua 12 za AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe), zilizochapishwa Marekani mwaka 1939, ukizisoma kwa utulivu utaona kuamka kiroho kunatajwa kwenye hatua ya mwisho kabisa, tena kama tunda la hatua zilizotangulia. Wewe unangoja moyo uwake kwanza ndipo uanze kazi. Kazi yenyewe iko kwenye hatua ya 8 na ya 9: andika majina ya wote uliowaumiza, kisha uende kwao ukatengeneze, isipokuwa pale ambapo kwenda kwako kutawaumiza zaidi.

Kwetu jambo hili si geni. Mama yangu ni mlokole wa zamani kutoka Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda. Uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, ukaingia Uganda miaka ya 1930, ulikuwa na desturi hiyo hiyo: aliyeokoka alirudisha alichoiba, akaenda kwa jirani na kusema wazi alichomtendea. Hawakuridhika na machozi ya kanisani.

Jina la kwanza kwenye karatasi yangu lilikuwa la mama mmoja anayeuza ajono, pombe ya nafaka inayonyonywa kwa mirija, karibu na maegesho ya malori. Sikwenda peke yangu, na wewe usithubutu. Nilifuatana na mzee wa kikundi chetu cha walioacha pombe, tena asubuhi, kabla maji ya moto hayajamiminwa chunguni. Mirija ilikuwa imeegemezwa ukutani ikikauka. Mama akatoa daftari lake la shule, kurasa zimelegea kwa mafuta, akarudi nyuma, nyuma, mpaka akafika kwenye jina langu. Akahesabu noti, akalikata jina kwa kalamu, mstari wa kwanza, halafu wa pili juu yake. Kisha akafungua ukurasa mwingine akaniuliza, “Na hii ya mwezi wa nane?” Deni hilo sikulikumbuka hata kidogo. Nililimaliza polepole, kila wiki kidogo. Lakini jioni ya siku ile nilipopiga magoti, nilikuwa na kitu cha kumwambia Mungu, na sikutafuta maneno.

Kwa hiyo nikikuuliza kama unakua, sitakuuliza umejisikiaje kwenye maombi. Nitakuuliza juzi ulipokasirika ulimwambia nani, na kama ulirudi kuomba radhi siku ile ile. Hiyo ndiyo hatua ya 10, na kwangu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu haiishi. Angalia pia jioni zako. Kuanzia saa kumi na moja, njaa, uchovu na upweke hukutana, na ukijikuta na vyote vitatu hata Biblia mkononi haitatosha. Kula kwanza, halafu umtafute mtu wa kukaa naye. Mimi nilijiwekea kazi ya kwenda kuwaona wenzetu wanaoanza kuacha, na saa hizo mbaya zikapata kazi ya kuzijaza.

Mkeo mwache ashike hela, na namba ya siri ya simu pia. Usimuulize atakurudishia lini. Aliishi miaka akisikiliza hatua zako mlangoni ili ajue usiku utakuwaje. Woga huo hauondoki kwa sababu wewe umebatizwa.

Kuhusu ushuhuda, ongea naye kabla ya kumwona mchungaji. Ushuhuda wako una jina lake ndani, na la watoto. Mwambie neno kwa neno utakachosema mbele za watu. Akisema bado, basi bado, hata kama kanisa zima linakusubiri.