Misalaba ya mawe ya Dartmoor, Uingereza: maswali yenu

Je, chini ya kila msalaba kuna mtu aliyezikwa?

Hapana. Nimeshalijibu hili mara nyingi, tafadhali someni majibu ya nyuma. Mnachanganywa na Childe's Tomb (Kaburi la Childe), ambako msalaba umesimama juu ya kaburi la kale, la kabla ya Ukristo kufika huko. Mwaka 1812 waliling'oa mawe wakajengee nyumba ya shamba, na msalaba mnaoupiga picha leo ni wa baadaye.

Kwa nini iko nyikani, mbali na kanisa?

Kwa sababu njia ilipita huko. Dartmoor, kusini magharibi mwa Uingereza, ni nyanda za juu zenye miti michache, zenye matope ya kumeza mguu hadi gotini, na ukungu hushuka ghafla. Watawa wa monasteri ya Buckfast upande wa mashariki, na wa Tavistock na Buckland magharibi, walikuwa na safari za kuvuka. Jiwe la itale lenye mikono miwili lilimwonyesha msafiri njia ya kushika, na likamkumbusha kusali.

Mingine iliweka mpaka. Msalaba wa Siward, unaozidi mita 2, umetajwa katika ukaguzi wa mwaka 1240 wa mipaka ya Msitu wa Dartmoor (eneo la kuwindia lililoitwa hivyo, si msitu wa miti). Uso wake wa magharibi una herufi zilizolika, "Boc lond", yaani Buckland. Miaka ya 1840 uliangushwa ukavunjika. Wakauunga kwa vyuma na kuusimamisha palepale. Hilo ndilo ninalolililia siku zote: palepale.

Herufi WB kwenye Bennett's Cross (Msalaba wa Bennett) ni nini?

Ni kifupi cha Warren Bounds, mpaka wa eneo la kufugia sungura. Herufi zilichongwa baadaye.

Nguzo ya geti shambani kwa jirani inafanana na msalaba uliokatwa mikono. Akiniuzia, niiweke bustanini?

Usiinunue, wala asiing'oe. Wakulima waliigeuza misalaba mingi kuwa nguzo za geti, na huenda hiyo ni mmojawapo. Waarifuni mamlaka ya hifadhi ya taifa ya Dartmoor waje waione ikiwa imesimama hapohapo. Ikishafika bustanini kwako, nani atajua ilikuwa ikielekeza wapi?

Naruhusiwa kupaka chaki ili herufi zisomeke?

Usithubutu, na brashi ya waya usiifikirie kabisa. Kuvumwani, ule utando wa kijivu unaoganda juu ya jiwe, umekua miaka mingi, na misalaba mingi inalindwa na sheria ya mwaka 1979. Nenda jioni na tochi, imulike kutoka ubavuni. Kivuli kikiingia kwenye mikwaruzo, utasoma.