Kamshafti kubwa kwenye pikapu ya kazi: ule mdundo unatoka wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko hapa Houston, nina Chevrolet Silverado ya 2004, V8 ya lita 5.3, gia otomatiki. Wiki nzima navuta trela la mashine za kukatia nyasi. Kuna jamaa ana gari kama yangu, akisimama kwenye taa inadunda mpaka watu wanageuka. Anasema kafunga kamshafti ya digrii 230 na gari sasa ni moto. Nimepata kama hiyo kwa bei nzuri. Mwingine ananiambia mdundo huo unapatikana kwa kompyuta tu, bila kufungua injini. Nifanye ipi?

JIBU: Usifanye hata moja, ndugu yangu, maadamu gari hiyo ndiyo inayokulisha.

Swali hili naletewa kila mara, na kila mara mtu anaanza na sauti. Hakuna anayeanza kwa kuniambia anavuta uzito gani au injini anaiendesha kwenye mizunguko mingapi kwa dakika. Imeshaingia vichwani kwamba injini inayodunda kwenye sailensa, yaani ikiwaka gari likiwa limesimama bila kukanyaga mafuta, ina nguvu. Mdundo ule ni sauti ya injini inayochoma vibaya. Basi.

Kamshafti, au kamu, ni mhimili unaofungua valvu za injini, na digrii zake ni muda ambao valvu inakaa wazi. Kamu kubwa huacha valvu ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu. Kwenye sailensa, manifodi ya hewa (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda) inanyonya kwa nguvu, kwa hiyo moshi uliokuwa unatoka unarudi ndani na kuchanganyika na hewa mpya. Silinda hii inapata mchanganyiko mchafu na inachoma nusunusu, ile inachoma vizuri, mzunguko unaofuata zinabadilishana. Huo ndio mdundo. Ukifika mizunguko 4,000 au 5,000 mambo yanageuka: moshi unatoka kwa kasi na kuivuta hewa mpya nyuma yake, na hapo kamu ile inakulipa. Swali ni lini wewe na trela lako mnafika 5,000.

Piga hesabu mwenyewe ya digrii ambazo valvu hizo mbili zinakuwa wazi pamoja. Jumlisha digrii za upande wa hewa na za upande wa moshi, gawa kwa mbili, kisha toa mara mbili ya digrii zilizo kati ya vilele vyao, yaani pale kila upande unapofungua valvu yake zaidi. Kamshafti iliyokuja na gari yako ina takriban 190 kila upande na 114 katikati, kwa kipimo cha tapeti (kipande kinachoinuliwa na kamu ili valvu ifunguke) ikiwa imeinuka inchi 0.050. Unapata hasi 38. Ya jamaa yako, tuseme ni 230 kwa 236 na katikati 112, inatoa chanya 9. Tofauti ya digrii 47! Na si hiyo tu: valvu ya hewa inachelewa kufunga, kwa hiyo kwenye mizunguko ya chini pistoni inapopanda inairudisha hewa ilikotoka. Ukiwa barabara kuu kwa maili 65 kwa saa, gia ya juu, injini yako haifiki mizunguko 2,000. Pale pale unapohitaji kuvuta ndipo utakapokuwa umepunguza.

Halafu kuna yale ambayo muuzaji hakwambii. Konveta yako ya kiwandani, ile inayounganisha injini na gia otomatiki, inashika mapema mno kwa kamu hiyo, gari itakuwa inakusukuma kwenye taa nawe umekanyaga breki. Na breki yenyewe, busta yake, inayokupunguzia nguvu ya kukanyaga, inategemea mvuto wa manifodi, ambao umeshuka. Sensa za oksijeni zinaona hewa ambayo haikuungua, kompyuta inadhani petroli haitoshi, inaongeza. Harufu ya petroli unayoisikia nyuma ya magari hayo inatoka hapo. Na kaunti hii ina ukaguzi wa moshi. Taa ya injini ikiwaka kwa kumisi, yaani silinda kushindwa kuchoma, umefeli.

Springi za valvu nazo lazima zibadilishwe. Lazima, sibembelezi.

Mwaka jana nililetewa 5.3 iliyobadilishwa kamu kwenye gereji moja ya bei rahisi. Kwenye injini hizi, kamu inatolewa kwa mbele bila kufungua hedi, kile kichwa cha juu chenye valvu: unaizungusha ili tapeti zipande na kukaa kwenye vishikizo vyake vya plastiki. Vishikizo vya miaka 20 vimelegea. Fundi makini hupitisha fimbo mbili ndefu chini ya tapeti kuzizuia. Yule hakupitisha. Tapeti moja ilidondoka, akaitafuta tafuta kwa sumaku mpaka akakata tamaa, akafunga injini nayo ikiwa ndani ya sampo, bakuli la oili lililo chini ya injini. Mwenye gari aliniambia "inagonga kidogo tu". Tuliikuta imelala kando ya kichujio cha pampu ya oili.

Huyo wa kompyuta sasa. Anachofanya ni kuchelewesha cheche na kuvuruga sailensa makusudi, injini iwe inapanda na kushuka kama inayotaka kuzima. Nguvu haiongezeki hata chembe. Unachopata ni ekzosi yenye moto kupita kiasi na katalisti (kisafisha moshi) inayopikwa polepole. Ni kumlipa daktari akufundishe kuchechemea.

Ukitaka kweli kubadilisha, tafuta ya digrii 205 hadi 212 yenye 112 au 114 katikati, springi mpya, vishikizo vipya vya tapeti, na mtu wa kuiweka sawa kompyuta. Sailensa itabaki karibu na ya zamani. Watu hawatageuka.

Na wenye 5.3 za 2007 kuja juu zenye mfumo wa kuzima silinda nne, ninyi ndio mnaoliwa zaidi. Silinda namba 1, 4, 6 na 7 zina tapeti za aina yake, na hazikutengenezwa kwa kamu ya kuinua juu. Zinatoka zote, mfumo unazimwa kwenye kompyuta, na hedi lazima zifunguliwe. Kanjanja akikwambia ataimaliza mchana mmoja bila kugusa hedi, chukua funguo zako.